Chema Kinapojitembeza: Wapiga Picha, Meza ya Mapitio na Suala la Kugunduliwa

Methali isemayo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza hufunzwa tangu madarasa ya chini, na aghalabu hufunzwa kana kwamba ni hukumu isiyokatiwa rufani. Kitu chenye ubora, yasemekana, hakihitaji mpiga debe. Kitakaa pale kilipo na wanunuzi watakifuata. Lakini lau mtu angeichukua methali hiyo na kuingia nayo katika ukumbi wa mapitio ya picha mjini Houston, jimbo la Texas, nchini Marekani, wakati wa tamasha liitwalo FotoFest, angestaajabu. Humo angewakuta wapiga picha waliotoka mabara mbalimbali wakisubiri zamu zao, kila mmoja akiwa na sanduku bapa la picha kwapani. Baadhi yao ni mahodari kupindukia. Nao wamejitembeza: wamelipa nauli, wamelipa ada, wamekodi chumba, ili waketi mbele ya mhakiki mmoja kwa dakika 20, kisha wainuke waende kwa mwingine.

Je, methali imekosea, au wapiga picha hao ndio waliokosea? Swali hili laweza kuonekana kuwa mbali sana na Idara ya Kiswahili. Haliko mbali hata kidogo. Miongoni mwa watu wanaopaswa kuketi upande wa pili wa meza hizo ni wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, na kutokuwapo kwao kuna hasara inayoweza kuonyeshwa bayana.

Yafaa kwanza jambo lenyewe lielezwe. Potifolio ni mkusanyo teule wa kazi za mpiga picha mmoja: picha chache, zilizochujwa kutoka mamia au maelfu, zikapangwa kwa utaratibu ambao mwenyewe ameufikiria. Mapitio ya potifolio ni kikao ambapo mkusanyo huo hutandazwa mezani mbele ya mtu mwenye uwezo wa kuupeleka mahali: msimamizi wa makavazi, mwenye jumba la sanaa, mhariri wa picha katika gazeti, mchapishaji wa vitabu, au mwandalizi wa tamasha jingine. Mpiga picha hufungua sanduku, huziweka picha moja baada ya nyingine, hueleza, huulizwa, hukosolewa. Muda ukitangazwa kuwa umekwisha, huzikusanya na kuaga. Wengi huondoka na ushauri tu. Wachache huondoka na ahadi ya maonyesho au kitabu, na kwao hao maisha hubadilika.

Chimbuko la desturi hii halikuwa na meza wala saa. Katika mji wa Arles, kusini mwa Ufaransa, tamasha la picha lilianzishwa mwaka 1970 na mpiga picha Lucien Clergue, mwandishi Michel Tournier na mwanahistoria Jean-Maurice Rouquette. Wapiga picha waliohudhuria walizoea kuonyeshana kazi mikahawani na kwenye nyua za hoteli. Mwenye ujasiri alimwandama mhariri mashuhuri hadi mezani pake. Mwenye haya alirudi kwao na sanduku lake likiwa limefungwa vile vile. Frederick Baldwin na Wendy Watriss, mtu na mkewe, wote wawili wapiga picha, walikuwa miongoni mwa walioyaona ya Arles. Mnamo 1983 waliasisi FotoFest mjini Houston pamoja na Petra Benteler, na tamasha lao la kwanza lilipofanyika mwaka 1986, purukushani ya mikahawani ilipewa utaratibu: meza, orodha ya majina, na muda uliopimwa.

Jambo hili la ratiba ni dogo kwa kulitazama, ila lina uzito. Ratiba humpa mwenye haya dakika zile zile anazopewa msemaji hodari. Humlazimisha mhakiki mwenye jina kubwa kutazama kazi ya mtu asiyemjua, hata kama kwa hiari yake angempita. Aidha, FotoFest ilijenga desturi ya kuandaa maonyesho mahususi ya kazi zilizovumbuliwa mezani: wahakiki kumi walioshiriki mapitio ya tamasha moja humteua kila mmoja mpiga picha mmoja, na kazi za wateule hao kumi huonyeshwa kwa umma katika tamasha linalofuata. Mhakiki hutia jina lake kando ya jina la mteule. Hujitwika dhamana. Anayeteua vibaya huonekana na watu wote, jambo ambalo si la kawaida katika ulimwengu wa sanaa, ambamo milango hufungwa na kufunguliwa bila yeyote kujulishwa ni nani aliyeshika ufunguo.

Hapa ndipo istilahi zinapoanza kuleta mashaka. Kwa kawaida husemwa kwamba mpiga picha fulani "amegunduliwa" kwenye mapitio. Mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kulisimamisha neno hilo na kulikagua. Katika matumizi yake ya zamani, kumgundua mtu kulikuwa pia kumjia kwa ghafla, kumshtukiza pasipo yeye kuwa na habari, kama mwindaji amwendeavyo mnyama kwa kunyata. Ni maana inayokaribia kufumania. Maana hii imefifia katika mazungumzo ya leo, lakini historia ya picha za Kiafrika katika majumba ya sanaa ya ng'ambo huifufua kwa namna ya kutisha.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Seydou Keïta wa Mali. Alizaliwa Bamako mnamo 1921, na mwaka 1948 akafungua studio yake katika mtaa wa Bamako-Coura. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Wateja waliotaka waliazimwa suti, saa ya mkononi, redio. Wengine walipigwa picha kando ya gari lake. Wanawake walikuja na mavazi yao bora, na Keïta akawaketisha kwa namna ambayo nakshi za gauni na nakshi za pazia zilijibizana. Picha zilizotoka zilipigwa muhuri wa jina lake kwa nyuma. Zilitumwa kwa jamaa, zilitundikwa sebuleni, zilitiwa katika albamu. Baada ya uhuru wa Mali aliajiriwa na serikali kama mpiga picha, na studio ikafungwa. Negativu alizitunza, maelfu yazo.

Mwaka 1991 maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika ya karne ya 20 yalifanyika katika Center for African Art mjini New York, chini ya uongozi wa Susan Vogel. Humo mlikuwa na picha za Keïta, ila pale palipostahili jina lake paliandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Hajulikani na nani? Wakati huo Keïta alikuwa hai, anaishi Bamako, umri wake ukikaribia miaka 70, na katika mji huo kulikuwa na nyumba zisizo na idadi zilizokuwa na jina lake nyuma ya picha zao. Mkusanyaji wa sanaa Jean Pigozzi alizitazama picha hizo akavutiwa, akamtuma André Magnin aende Mali kumsaka mwenyewe. Magnin alifika kwanza kwa mpiga picha mwingine, Malick Sidibé, na Sidibé ndiye aliyempeleka kwa Keïta. Ifikapo mwaka 1994, Keïta alikuwa na maonyesho yake binafsi mjini Paris katika Fondation Cartier. Picha zilizokuwa ndogo, za kushikwa mkononi na kupitishwa baina ya jamaa, zilikuja kusafishwa upya kwa vipimo vikubwa na kutundikwa ukutani. Keïta alipofariki mwaka 2001, mzozo kuhusu umiliki wa negativu zake ulikuwa haujapoa.

Hapana anayeweza kudai kwamba ingekuwa bora Keïta asifahamike Paris. Alistahili, tena alistahili mapema zaidi. Kinachopaswa kukataliwa ni masimulizi yanayoanza siku mgeni alipotua kwenye uwanja wa ndege wa Bamako. Sidibé hakuhitaji kumgundua Keïta. Alijua nyumba yake iko wapi. Huyo Sidibé mwenyewe alitunukiwa Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya Venice mwaka 2007, akiwa mpiga picha wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kupata heshima hiyo.

Kisa cha Samuel Fosso kina sura tofauti kidogo, nacho husaidia kuliona jambo kwa upande wake wa pili. Fosso alizaliwa Kumeruni mwaka 1962 na kufungua studio yake mjini Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na umri wa miaka 13. Mchana alipiga picha za wateja. Filamu ikibakiza nafasi chache, alijipiga picha mwenyewe akiwa amevaa mavazi ya fasheni, ili filamu isipotee bure na ili amtumie nyanya yake nchini Nigeria picha za kumwonyesha kwamba mjukuu yu mzima. Mnamo 1993 mpiga picha Mfaransa Bernard Descamps alipita Bangui akitafuta watu wa kushiriki katika tamasha la kwanza la picha la Bamako, lililofanyika 1994. Fosso akaenda Bamako, kwa miguu yake mwenyewe na kwa jina lake, akasimama kando ya kazi yake. Mwaka 2023 alishinda tuzo ya Deutsche Börse mjini London. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2014, nyumba yake ya Bangui iliporwa wakati wa vita, negativu zikatupwa chini vumbini, na waandishi wa habari waliokuwa mjini wakaokoa walizoweza kuziokota.

Tofauti kati ya visa hivi viwili ndiyo inayofaa kuzingatiwa na wanaolaumu mapitio ya potifolio kwa jumla. Katika maonyesho ya New York ya 1991 picha ilifika, jina likapotea njiani. Katika Bamako ya 1994 mtu alifika pamoja na picha zake. Meza ya mapitio, pamoja na dosari zake zote, haiwezekani kuendeshwa pasipo mwenye kazi kuwapo au angalau kuzungumza. Mhakiki hawezi kuandika kwamba mpiga picha hajulikani ilhali yuko mbele yake akifungua sanduku. Kwa hiyo kujitembeza, ambako methali inakudharau, kuna jambo moja ambalo kujiuza hakuna: anayejitembeza hujitaja.

Wapo watakaotoa mfano wa Vivian Maier, yaya wa Chicago aliyepiga picha za mitaani kwa miongo kadhaa pasipo kumwonyesha mtu. Masanduku yake yaliuzwa kwa mnada mwaka 2007, kijana aitwaye John Maloof akanunua sehemu yake, na Maier akafariki mwaka 2009 kabla ya sifa kumfikia. Huyo ndiye chema kilichojiuza, watasema. Kweli kilijiuza, lakini hakikumlipa mwenyewe hata senti.

Dosari za meza, hata hivyo, zipo, nazo humlemea Mwafrika wa Mashariki kuliko wengine. Ya kwanza ni gharama. Mapitio mengi ya Marekani na Ulaya hutoza ada ya mamia ya dola, kabla ya tiketi ya ndege na chumba cha hoteli. Mapitio yaliyoanzishwa na gazeti la The New York Times mwaka 2013 yalikuja na utaratibu mwingine: washiriki walichaguliwa kwa ubora wa kazi na hawakutozwa ada. Huo ni mfano mwema. Bado lakini kuna viza, na viza haitolewi kwa ubora wa picha. Maradhi ya korona yalipoyahamishia mapitio mengi kwenye mtandao mnamo 2020, kikwazo hicho kililegea kidogo. Kwa upande mwingine, picha iliyosafishwa kwa uangalifu juu ya karatasi nzuri ikawa haina tofauti na picha nyingine yoyote ya kwenye kioo cha kompyuta.

Dosari ya pili ni ile hofu ya kutopendeza. Mpiga picha ambaye amekusanya akiba ya mwaka mzima ili aketi mezani kwa dakika 20 atajitahidi kuleta kinachotarajiwa. Akiambiwa na wahakiki watatu mfululizo kwamba picha za harusi za shangazi zake hazina "mradi", kwamba zakosa maudhui yanayoeleweka upesi, atazificha, na safari ijayo atakuja na picha za mtaa wa mabanda au za wakimbizi. Mtindo huu si mgeni kwa mwanafunzi wa fasihi. Waandishi wangapi wa riwaya wamekata sura nzima kwa kuwa mhariri hakuielewa, wala hakuwa na sababu ya kuielewa?

Dosari ya tatu ndiyo kubwa, na ndiyo inayowahusu wasomaji wa jarida hili: lugha. Na ichukuliwe picha ya kubuni. Mwanamke wa makamo amesimama mlangoni mwa nyumba ya Mji wa Kale, Mombasa, ameipa kamera mgongo. Mkono mmoja uko kwenye kizingiti. Kiunoni amejifunga leso yenye rangi nyekundu na nyeusi, na nuru ya alasiri imeangukia upindo wake. Mhakiki wa Houston ataisifu nuru, atazisifu rangi, huenda akataja wachoraji wa Kizungu ambao picha hiyo imemkumbusha. Lakini kwenye upindo ule pana jina la leso, nalo ni: Akufukuzaye hakwambii toka. Sasa picha si ile tena. Mlango si mlango wa mapambo, mkono ulio kizingitini si wa kupumzika, na kule kugeuza mgongo kuna mtu kunamlenga aliye ndani ya nyumba. Mwanamke huyo anasema. Amechagua vazi la kusema kwa niaba yake, kwa kuwa leso ni mafumbo ya kuvaliwa, na mpiga picha ameisikia kauli hiyo akaipa fremu. Asiyejua Kiswahili ameona nusu ya picha, tena nusu iliyo nyepesi.

Huenda ikajibiwa kwamba mpiga picha yuko pale, ataeleza. Ataeleza kwa Kiingereza, akiwa na picha 18 za kuonyesha kwa dakika 20, kila picha na dakika moja na ushei. Katika dakika hiyo atafasiri methali, ataeleza leso ni nini, ataeleza kwamba mke mwenza au mama mkwe huweza kujibu kwa leso nyingine, kisha mhakiki atatikisa kichwa kwa adabu. Fumbo likishaelezwa kwa namna hiyo hufa, kama kichekesho kinavyokufa kikielezwa. Na leso ni mfano mmoja tu. Picha za Afrika Mashariki zimejaa maandishi: majina ya mashua, kauli za nyuma ya matatu, mabango ya vinyozi, maneno juu ya milango ya vioski, kanzu na kofia zenye historia zake. Ni matini ndani ya taswira. Kuzisoma ni kazi ya mtu aliyefunzwa kusoma.

Fasihi ya Kiswahili ina kumbukumbu inayofaa kutajwa hapa. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mnamo 1840, hakugunduliwa na mtu. Watu wa Mombasa walikuwa na tungo zake vinywani muda mrefu kabla ya mmisionari William Taylor kufika pwani. Zikaja kuchapishwa kama diwani mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens, na majina ya Taylor na Hichens hayakosi kutajwa. Lakini aliyewezesha tungo hizo kusomeka leo ni Mwalimu Sikujua, mwenyeji wa Mombasa, aliyezikusanya na kuzifafanua: nani alikuwa akijibiwa, tukio gani lililengwa, neno hili lilikuwa na maana ipi enzi hizo. Ondoa Sikujua, na sehemu kubwa ya Muyaka inabaki kuwa sauti tamu isiyo na mlengwa. Picha za studio za pwani na bara nazo zinamsubiri Sikujua wao.

Zinasubiri kwa hali gani? Priya Ramrakha alizaliwa Nairobi mwaka 1935, akaanza kwa kulipigia picha Colonial Times, gazeti la jamaa zake, akasomea sanaa hiyo Marekani, akarudi kushuhudia uhuru wa Kenya, akafanyia kazi majarida ya Time na Life, na akauawa akiwa kazini katika vita vya Biafra, Oktoba 1968. Picha zake zilikaa katika gereji mjini Nairobi kwa miongo kadhaa hadi jamaa yake Shravan Vidyarthi alipozifukua, na kitabu kikatoka mwaka 2018. Nairobi, si mahali pa mbali. Kule Lamu, Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, alijifunza mwenyewe kuunganisha picha kadhaa kuwa moja kwa ustadi wa kustaajabisha. Kwenye kivuko cha Likoni, katika miaka ya 1990, palikuwa na vibanda vya wapiga picha vilivyopambwa kwa mapazia yaliyochorwa, ambamo abiria wa feri alijiona kwa dakika chache akiwa katika ulimwengu mwingine. Bakor na wale wa Likoni wamefanyiwa utafiti wa kina, na mtafiti huyo ni mwanaanthropolojia wa Ujerumani, Heike Behrend, ambaye kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2013. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini mwanafunzi wa Kiswahili anayeuliza kitabu cha aina hiyo kwa Kiswahili ataelekezwa rafu tupu.

Barani Afrika meza zimeanza kuwekwa. Tamasha la Addis Foto Fest, lililoasisiwa na Aida Muluneh mjini Addis Ababa mwaka 2010, liliyafanya mapitio ya potifolio kuwa sehemu ya shughuli zake, na LagosPhoto ilianza Nigeria mwaka huo huo. Hizo ni hatua za maana. Kijana wa Nairobi huingia Ethiopia kwa urahisi kuliko Marekani. Hata hivyo, kuhamisha meza pekee hakutoshi ikiwa anayeketi nyuma yake bado ni mtu yule yule aliyesafirishwa kutoka Paris au New York, akizungumza lugha ile ile na kutafuta mambo yale yale.

Pingamizi inayotarajiwa ni kwamba mwanafunzi wa fasihi hajui lenzi, hajui nuru, hawezi kutofautisha picha iliyosafishwa vyema na iliyoungua. Pingamizi hiyo ina ukweli na isipuuzwe. Mhakiki asiyejua jinsi kitu kinavyotengenezwa hudanganyika kwa urahisi, na uhakiki wa Kiswahili tayari una watu wa kutosha wanaosifu wasichokielewa kwa istilahi ndefu. Dawa yake ni kujifunza. Mwanafunzi aliyeweza kumaliza muhula mmoja akihesabu mizani na kutafuta vina vya kati anaweza kujifunza, kwa muda mfupi zaidi, fremu ni nini na kwa nini mpiga picha alisimama pale badala ya hatua mbili kushoto. Tena vifaa vingine vya uhakiki anavyo tayari: mbinu ya kimya, mtazamo, taharuki, kejeli, na hasa ule mazoea ya kuuliza nani anasema na anamwambia nani. Kwa upande wake, mhakiki wa kigeni anayejua nuru atahitaji miaka ili ajue leso.

Istilahi zenyewe zinahitaji kazi. Kiswahili kina "kupiga picha" na "kusafisha picha", maneno yaliyozaliwa studioni na kukubalika na watu wote. Lakini mtu akitaka kuzungumza juu ya mpangilio wa vitu ndani ya fremu, juu ya mfuatano wa picha katika potifolio, au juu ya yule mtu anayeteua na kupanga maonyesho, atajikuta akikopa au akizungukazunguka. Hilo ni pengo la kawaida, na hujazwa kwa matumizi. Istilahi za ushairi hazikutungwa katika kikao kimoja.

Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu huandaa makongamano kila mwaka, na humo kuna vipindi vya kughani mashairi, maigizo na mihadhara. Hakuna ugumu wa kuongeza meza nne kwenye chumba kimoja kwa alasiri moja. Waalikwe wapiga picha wa mji ule: anayepigia gazeti, anayepiga harusi, aliyerithi studio ya babake na hajui afanye nini na makasha ya negativu. Kila meza iwe na watu wawili, mmoja anayejua kamera na mmoja anayejua lugha, na mazungumzo yote yawe kwa Kiswahili. Dakika ziwe 40 badala ya 20, kwani hapana ndege ya kuwahi. Mwishoni, kila mwanafunzi aliyeketi mezani aandike kurasa mbili juu ya kazi moja aliyoiona, kwa jina la mpiga picha na kwa jina lake mwenyewe, na jarida lizichapishe pamoja na picha hiyo.

Jambo la dharura ni hilo la makasha. Tangu simu zenye kamera zienee, studio nyingi za miji ya Kenya zimefungwa au zimegeuzwa kuwa za kutoa pasipoti na nakala, na negativu za miaka ya 1960 na 1970 zimebaki darini, zinaliwa na unyevu, au zimetupwa. Waliopigwa picha wanazeeka. Kuna mahali ambapo mtu mmoja tu ndiye anayeweza kusema yule bibi arusi ni nani, leso ya dada yake ilisema nini, na nani aliyekuwa nyuma ya kamera siku ile. Mwanafunzi aliye likizoni, mwenye daftari na muda wa asubuhi mbili tatu, anaweza kwenda kumwuliza.